Fundi akikwambia injini imekufa, muulize amepima nini

Jumatatu moja jioni dadangu alinipigia simu, sauti ikiwa chini sana. Gari yake ndogo, Toyota Passo, ilikuwa imeanza kutetemeka akiwa Outering Road, taa ya injini ikawaka manjano, akaiendesha polepole mpaka kwa fundi wa mtaani. Fundi akafungua boneti, akasikiliza kama dakika mbili hivi, akapangusa mikono na kitambaa akamwambia, "Madam, hii injini imenoki, tafuta 85,000 tuweke ingine." Wakati ananipigia alikuwa ashaongea na watu wawili wa kumdhamini kwa sacco. Na hapo hakuna plagi ilikuwa imetolewa, hakuna dipstiki ya kupimia oil ilikuwa imechomolewa, hakuna mashine ilikuwa imechomekwa kwa gari. Mtu anaenda kubeba deni la mwaka mzima kwa sababu ya masikio ya mtu mwingine.

Hii maneno inanichoma kwa sababu mimi pia nimelipa pesa mara mbili kwa kazi moja, nitaeleza mbele. Lakini kwanza tuelewane majina, juu shida kubwa inaanzia hapo. Kwa garage za Nairobi utasikia imenoki, hedi imeenda, inakula oil, inataka ovaholi, na watu wengi wanadhani hayo yote ni kitu kimoja, yaani injini imekufa. Hapana. Ni magonjwa tofauti kabisa na bei zake haziko karibu.

Chukua injini kama nyumba ya ghorofa mbili. Chini ni bloku, hapo ndio kuna silinda, na ndani ya kila silinda pistoni inapanda na kushuka. Pistoni imevaa ringi za kuziba pembeni ili moto usishuke chini na oil isipande juu. Pistoni zote zimeunganishwa na krenki, ule mhimili unaozunguka huko chini, na pale chuma kinapozungukia chuma kuna beringi nyembamba ambazo kazi yao yote wanaifanya zikiogelea kwa oil. Ghorofa ya juu ni hedi, hiyo ndio ina valvu za kuingiza hewa na kutoa moshi. Katikati ya hizo ghorofa mbili kuna gasketi ya hedi, kitu chembamba tu, lakini ndio inazuia vitu vitatu visikutane: moto wa petroli, oil, na maji ya kupoza injini.

Sasa, kunoki ni zile beringi za chini zimelika. Sauti yake ni ya kugonga, ko-ko-ko kama mtu anapiga nyundo ndani ya pipa, na ukikanyaga mafuta inagonga haraka zaidi. Hiyo ndio mbaya kweli, na mara nyingi inaletwa na oil kuisha ama kukaa bila kubadilishwa mpaka ikawa lami. Hedi kuenda ni gasketi imeungua ama hedi yenyewe imepinda, na hiyo huletwa na gari kuchemsha. Kula oil ni ringi zimechoka ama zile sili za valvu zimekauka. Na kutetemeka mara nyingi hata sio ugonjwa wa injini yenyewe, ni silinda moja haishiki moto.

Turudi kwa Passo. Ile injini yake ndogo, ya cc 996, ina silinda tatu. Fikiria mafiga matatu chini ya sufuria, ukitoa figa moja, sufuria inalala. Gari ya silinda nne ikipoteza moja inapoteza robo ya nguvu, hii inapoteza theluthi nzima, kwa hivyo inatetemeka mpaka vioo vinacheza na mtu asiyejua anaweza kuapa injini imeisha. Nilienda na rafiki yangu ana ile mashine ndogo ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imeandika, hizo siku hizi sio ghali na inaongea na simu. Tukachomeka chini ya stiaringi, ikasoma P0302, maana yake silinda ya pili haichomi. Tukatoa koili (inayopelekea plagi umeme wa kuwasha petroli) ya silinda ya pili tukaiweka kwa ya tatu, ile ya tatu tukaiweka kwa ya pili, tukafuta kodi, tukawasha. Gari ikatetemeka vile vile, tukasoma tena: P0303. Ugonjwa ulikuwa umehama na koili. Ingekuwa injini ndio mbovu, ugonjwa ungebaki pale pale silinda ya pili. Dadangu alinunua koili moja na plagi tatu, hata 10,000 haikufika, na hiyo Passo bado inapeleka watoto shule.

Sisemi yule fundi alikuwa mwizi. Kuna mafundi wengi waaminifu ambao wamejifunza kwa masikio na mikono na kwa gari za zamani hiyo ilitosha. Lakini mtu yeyote anayekutajia pesa kama hiyo anafaa kukuonyesha kipimo.

Taa pia zinachanganya watu sana. Ile ya manjano yenye umbo la injini inasema kompyuta ya gari imeona kitu haikipendi, inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa plagi, inaweza kuwa hata kifuniko cha tenki ya petroli hakijafungwa vizuri kwa gari zingine. Kama haimemeti na gari haitetemeki unaweza kuendesha polepole ufike kwa fundi. Ikimemeta, punguza, kuna silinda inatupa petroli mbichi kwa eksozi. Lakini ile nyekundu ya kibuyu cha oil ni kitu kingine kabisa. Watu wanadhani inasema oil imepungua, hapana, inasema presha ya oil imepotea. Ni kama maji kwa ploti: tenki ya chini inaweza kuwa na maji lakini pampu ikikufa, mtu wa ghorofa ya nne hapati tone. Dipstiki inakuonyesha tenki, ile taa inakuonyesha pampu. Ikiwaka ukiwa barabarani zima gari hapo hapo, hata kama ni Thika Road na umebakisha kilomita moja ufike nyumbani, maana hiyo kilomita moja ndio inageuza kazi ya oil na filta kuwa kazi ya krenki.

Moshi nao una lugha yake. Wa bluu ni oil inaungua. Mweusi ni petroli imezidi, na hiyo mara nyingi ni sensa ama hewa, sio kifo. Mweupe ndio unaogopesha watu bure hasa asubuhi za Julai, ule mvuke unaotoka dakika mbili tatu halafu unaisha ni maji tu ya baridi ndani ya eksozi. Mweupe wa kuogopa ni ule hauishi hata injini ikiwa moto, una harufu tamu tamu, na maji ya redieta yanapungua kila siku na huoni yanamwagika wapi. Ongeza kwa hiyo oil yenye rangi ya chai ya maziwa ukitoa dipstiki, hapo jua gasketi ya hedi imeachilia. (Kama hiyo rangi iko tu chini ya kifuniko cha oil na dipstiki iko safi, inaweza kuwa unyevu wa safari fupi fupi, usikimbilie kukopa.)

Sasa ile yangu. Nina Toyota Vitz, na nilikuwa napanda Waiyaki Way jioni, foleni ya kusukumana kutoka Westlands mpaka Kangemi. Vitz nyingi hazina ile mshale wa joto, zina taa tu: ya bluu ikiwa baridi, nyekundu ikichemka. Na hapa kuna jambo ambalo ningetamani kila mwenye gari ndogo alijue. Ile sensa inapima joto la maji yanayoigusa. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani, na taa inaweza kukawia kuwaka ama isiwake kabisa wakati hedi inaungua. Mimi nilisikia harufu na nguvu ikapotea kabla taa haijaniambia kitu.

Kuchemsha hapa kwetu pia kuna siri ya urefu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, sio 100 kama Mombasa, ndio maana githeri inachukua muda. Injini inafanya kazi kwenye nyuzi 90 hadi 100 na kitu, kwa hivyo kinachozuia maji yasichemke ni kulanti, ile dawa ya redieta, na ile presha inayoshikiliwa na kifuniko cha redieta. Kile kifuniko ni kama mfuniko wa presha kuka, spring ikichoka au raba ikikatika, maji yanaanza kuchemka mapema na kutoroka. Kifuniko ni pesa kidogo tu. Changu kilikuwa kimechoka na hakuna mtu alikuwa amekiangalia miaka mingi, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza, na nilikuwa nikiongeza maji ya mfereji kila Jumamosi nikidhani natunza gari.

Fundi wa kwanza akafungua hedi, akabadilisha gasketi, akafunga, nikalipa. Wiki mbili baadaye redieta ikaanza kutoa mapovu tena. Nilikasirika sana. Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, alitoa hedi akaniambia twende pamoja mpaka kwa watu wa mashine maeneo ya Kirinyaga Road. Pale jamaa akaisafisha hedi mpaka ikang'aa, akalaza juu yake rula ya chuma iliyonyooka, kisha akachukua vile vijikaratasi vya chuma vya kupimia akaanza kusukuma kimoja chini ya rula. Kwa injini nyingi ndogo za Kijapani kikomo cha kupinda kwa hedi ni kama milimita 0.05, hiyo ni nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Kwangu, katikati kati ya silinda ya pili na ya tatu, kile cha 0.15 kilipita bila kugusa. Akanipa mkono wangu nisukume mwenyewe. Basi hapo nikaelewa kwa nini gasketi mpya haikusaidia, ni kama kufunika sufuria iliyobonyea kwa mfuniko mpya. Waliikwangua hedi kwa mashine ikanyooka, tukaweka gasketi ingine na bolti mpya za hedi, kifuniko kipya, kulanti, na haijawahi kuchemsha tena. Gharama ya kupima na kukwangua ilikuwa ndogo kuliko labour niliyolipa mara ya kwanza bure.

Kwa hivyo kabla ya kulipia kufungua, lipia kupima. Kipimo kikubwa ni cha kompresheni, yaani silinda inabana hewa kwa nguvu gani: plagi zinatolewa, saa ya presha inafungwa pale, injini inazungushwa na stata, unasoma kila silinda. Na hapa tena urefu wetu unaingia. Hewa ya Nairobi ni nyembamba, presha yake ni kama asilimia 18 chini ya ile ya pwani, kwa hivyo ukichukua namba ya kitabu iliyoandikwa kwa usawa wa bahari ukalinganisha na ya hapa, injini nzima itaonekana mgonjwa. Linganisha silinda na silinda. Zikiwa 140, 138 na 142 (kwa psi, kipimo cha presha) hiyo haina shida ya maana. Zikiwa 140, 85 na 138, hiyo ya katikati ina neno. Halafu fundi anaweka kijiko cha oil ndani ya hiyo silinda dhaifu na kupima tena: ikipanda, ringi ndio zinavuja, maana oil imeziba kwa muda, isipopanda, angalia valvu ama gasketi. Kazi ya saa moja, na inakutoa kwa kubahatisha.

Kuna imani zingine zimeshika mizizi. Ya kwanza ni oil nzito, ati gari ikianza kula oil ama kugonga weka 20W-50 itanyamaza. Itanyamaza kidogo, ndio, lakini injini nyingi za hizi gari ndogo zimetengenezewa oil nyepesi kama 0W-20 ama 5W-30, nafasi zake ni ndogo na oil nzito inachelewa kufika juu asubuhi. Unanyamazisha mtoto bila kuuliza analilia nini. Na ukinunua gari mkononi ikiwa kimya sana na oil nzito ndani, uliza. Ya pili ni kutoa thamosta, kuna mafundi wanaamini Afrika ni joto haihitajiki. Thamosta ni kama mlango wa maji ya kupoza injini, inafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, kabla ya hapo inaacha injini ipate joto lake. Ukiitoa, kompyuta inadhani injini bado baridi, inaongeza petroli, unalipa kila siku kwa pampu ya petroli. Ya tatu ni kumwagia maji baridi injini iliyochemka, hiyo inaweza kupasua chuma, na kufungua redieta ikiwa moto kumeunguza watu uso. Zima, kaa kando, ngoja angalau nusu saa. Na ya nne, bima. Comprehensive inalipa ajali na wizi, injini iliyochakaa ama kuchemshwa hailipi, hata kama umelipa premiamu miaka kumi.

Haya, tuseme umepima na kweli injini imeisha. Njia ni mbili. Ovaholi ni kufungua yote: ringi ama pistoni, beringi, gasketi zote, sili za valvu, na kazi ya mashine. Kuna pia top ovaholi, hiyo ni hedi peke yake, na watu wengi hulipia ya kwanza wakapewa ya pili, kwa hivyo andikisha kila kitu kinachoingia na uombe spea za zamani urudishiwe. Njia ingine ni injini ya ex-Japan. Kule Japan gari ya kibinafsi inapimwa na serikali baada ya miaka mitatu ya kwanza halafu kila miaka miwili, na gharama ya hiyo hufanya wengi waachane na gari ambazo bado zina maisha, ndio injini zake zinafika hapa. Lakini ex-Japan sio mpya, na hakuna anayejua imetembea kilomita ngapi. Fungua kifuniko cha oil uangalie kama ndani kuna matope meusi, zungusha kwa mkono, omba kompresheni. Na warranty, uliza ni siku ngapi na inaanza kuhesabiwa siku ya kununua ama siku ya kufungwa kwa gari, halafu iandikwe kwa risiti.

Kwa maoni yangu, kama bodi ni nzima na injini ni ya kawaida kama ya Vitz ama Passo, ex-Japan iliyopimwa inaingia akilini kuliko ovaholi ya haraka haraka, na zote mbili ni afadhali kuliko kuuza gari bila injini, hapo mnunuzi anaweza kukukata zaidi ya bei ya injini.

Pesa sasa. Tuseme unahitaji 100,000. Sacco ikikupa kwa asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua, kwa miezi 12 unalipa kama 8,885 kila mwezi, riba yote ni 6,600 hivi. Mtu mwingine akikwambia asilimia 4 kwa mwezi lakini flati, yaani riba inahesabiwa kwa ile 100,000 nzima hata ukiwa ushalipa nusu, utalipa 12,333 kwa mwezi na riba ni 48,000, karibu nusu ya injini ingine. Na kama umeweka logbook hapo, ukichelewa gari yenyewe inaenda, pamoja na injini mpya. Usiulize asilimia ngapi tu. Uliza: kwa jumla nitarudisha shilingi ngapi? Chama kikiweza kukukopesha, anza huko. Na usimpe fundi pesa yote siku ya kwanza. Nunua spea mwenyewe ukiwa naye, lipa dukani kwa till upate meseji na risiti, labour mpe sehemu wakati wa kuanza na iliyobaki baada ya kuendesha gari mpaka ipate joto, upande mlima, urudi uangalie maji na oil.

Na kitu watu wengi husahau kabisa mpaka siku ya kuuza: ukibadilisha injini, ile namba iliyo kwa logbook sio ya gari yako tena. Weka risiti ya injini, ingia akaunti yako ya NTSA (mamlaka ya usafiri) kupitia eCitizen uombe mabadiliko, gari ikaguliwe, upate rekodi mpya. Piga picha ya namba ya injini kabla haijafungwa kwa gari, maana ikishaingia ndani, kuiona tena unalala chini na tochi.